Pambizo zimenyooka, mbinu bado haijaandikwa

Mwezi wa sita hapa Mbeya una mambo mawili: baridi na tasnifu. Steshenari za jirani na vyuo zinakesha, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapanga foleni wamejikunyata ndani ya masweta, kila mmoja na flashi yake. Mwaka jana niliingia katika mojawapo kutoa fotokopi, nikamkuta binti amesimama nyuma ya kijana wa kompyuta. Kijana akamuuliza bila kugeuka, "Dada, APA ya sita au ya saba?" Alikuwa anauliza toleo la mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA). Binti akafikiri kidogo. "Ya saba. Supavaiza kasema ya saba."

Kijana alikuwa fundi kwelikweli. Haikuchukua hata nusu saa pambizo zikawa inchi moja pande zote, mistari ikaachiana nafasi mbili, namba za kurasa zikahamia juu kulia, na kila rejeleo mstari wake wa kwanza ukaanzia ukutani na ya chini yake ikaingia ndani. Kazi safi. Mimi nilikuwa nasoma kwenye skrini huku nikisubiri zamu yangu, na jicho likaniangukia kwenye sura ya mbinu. Iliandikwa kwa Kiingereza, ila maana yake ilikuwa hii: "Madodoso yatagawiwa kwa walimu 120 wa shule za sekondari." Yatagawiwa. Kurasa chache mbele yake yalikuwapo majedwali ya majibu ya walimu haohao.

Sura ile ilitoka kwenye pendekezo la utafiti, ikahamishiwa kwenye ripoti bila kuguswa. Nakala ya awali ilikuwa mezani, imejaa wino mwekundu wa msimamizi. Nikaomba ruhusa kuitazama. Kwenye ukurasa ule wa mbinu palikuwa na maneno mawili tu: "Rekebisha pambizo."

Kijana wa steshenari simlaumu, alifanya alicholipwa. Binti naye alifanya alichoambiwa. Neno langu ni kwetu sisi tunaosimamia na kusahihisha tafiti za saikolojia, kuanzia hapa Mbeya hadi Iringa. Tumewafundisha wanafunzi kwamba mtindo wa APA ni ile kazi inayoweza kufanywa usiku mmoja na mtu ambaye hajasoma hata aya moja ya utafiti wenyewe. Kile ambacho mtindo huo unakidai hasa, yaani kumweleza msomaji ulifanya nini, na nani, kwa lugha gani na katika hali gani, tumekiacha wazi.

Mtindo huu haukuanza kama sheria ya pambizo. Mwaka 1929 jarida la Psychological Bulletin la Marekani lilichapisha maelekezo ya kurasa saba, yaliyoandaliwa na kamati ya wanasaikolojia na wahariri waliotaka miswada iwafikie katika sura moja, ili msomaji asihangaike kutafuta kitu gani kiko wapi. Kurasa saba hizo zimekua hadi toleo la saba, lililotoka Oktoba 2019 na lenye kurasa zaidi ya 400. Mengi yaliyoongezwa tangu wakati ule yanahusu uwazi: taarifa gani lazima ziwemo ili msomaji apime kama akuamini.

Tazama mpangilio wenyewe. Utangulizi unasema nini kilijulikana na wewe ulitaka kujua nini. Mbinu inasema ulifanya nini. Matokeo yanasema ulikuta nini, na maoni yako hayaruhusiwi kuingia hapo. Mjadala ndio unaokuruhusu kusema unafikiri nini. Mimi nauona huu kama uzio unaotenganisha kilichotokea na unachokiamini. Mtu anayepima mioyo na mawazo ya watu anauhitaji uzio huo kuliko anayepima kina cha mto, maana mto haubadiliki kwa sababu ya jinsi ulivyouuliza swali.

Mtu wa Mwanjelwa, soko letu hapa Mbeya, hubadilika. Niliwahi kukaa pembeni ya mwanafunzi wangu akimhoji mama mmoja muuza ndizi pale sokoni, kwa ridhaa yake. Alikuwa na dodoso la PHQ-9, kipimo cha sonona chenye maswali tisa kilichotolewa Marekani na sasa kinatumika dunia nzima. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa" yenye sifuri hadi "karibu kila siku" yenye tatu, na jumla ya juu kabisa ni 27. Mwanafunzi akasalimia vizuri, akaketi kwenye kreti, akauliza: "Mama, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na hali ya huzuni au kukata tamaa?"

Mama alikuwa anakata chane kutoka kwenye mkungu. Hakuinua uso. "Mwanangu, mawazo hayaishi. Ila tunamshukuru Mungu, tumeamka."

Kalamu ya mwanafunzi ikabaki hewani juu ya visanduku vinne. Jibu lile linaingia wapi? "Nina mawazo" kwa Kiswahili chetu haina uhusiano na kuwa na fikra nyingi; ni namna ya kusema moyo umelemewa. "Hayaishi" ni kila siku. Lakini "tunamshukuru Mungu" inalifunga jambo, inamwambia kijana asiendelee kuchimba. Mwanafunzi akaweka alama kwenye "siku kadhaa". Alama moja. Akafika swali la saba, linalouliza kuhusu shida ya kutuliza akili kwenye mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mama akacheka kwa sauti: "Televisheni naitazama saa ngapi?" Kijana akaweka "hapana kabisa".

Miezi michache baadaye tasnifu ikaja mezani kwangu. Sura ya mbinu ilisema: "Washiriki walijaza dodoso." Mama yule hakujaza kitu. Aliulizwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, huku anauza, na kijana wa umri wa mwanawe, na jibu lake likachongwa mpaka likaenea kwenye kisanduku. Kila kitu ambacho msomaji angehitaji ili ajue namba ile ina uzito gani kilikuwa kimetokea mbele ya macho yetu wawili, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Nami nilikuwa msimamizi. Nilikuwapo. Katika usomaji wa kwanza nilizungushia duara nafasi kati ya mistari, nikafungua ukurasa mwingine. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Toleo la saba linasema wazi kwamba mwandishi aeleze chombo alichopimia, sifa zake za kipimo, na ushahidi kwamba kinafaa kwa utamaduni wa wanaopimwa. Kwetu hilo si nyongeza ya hiari. Dodoso limeandikwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, likaulizwa Rungwe kwa mtu anayewaza kwa Kinyakyusa, au Kilolo kwa mtu anayewaza kwa Kihehe, kisha majibu yakarudishwa kwa Kiingereza ili yaandikwe kwenye tasnifu. Hapo maana imevuka mito mitatu. Nani alitafsiri? Je, mtu mwingine ambaye hajakiona Kiingereza cha mwanzo aliirudisha tafsiri ile kwenye Kiingereza ili ilinganishwe, kama mwanasaikolojia Richard Brislin alivyopendekeza tangu 1970? Au mtafiti alitafsiri papo hapo akiwa kwenye mlango wa nyumba? Jibu lolote kati ya hayo linaandikika kwa sentensi mbili. Hata lile la mwisho. Kutafsiri papo hapo ni udhaifu, lakini udhaifu ulioandikwa humsaidia msomaji, na uliofichwa humdanganya.

Kuna sababu ya pili inayofanya sehemu hii iwe nzito kwetu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichambua majarida sita makubwa ya APA, akakuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za viwanda za Magharibi, na asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Afrika na Mashariki ya Kati kwa pamoja hazikufika asilimia 1. Mwandishi wa Marekani anaweza kuandika "washiriki" kwa kifupi, na msomaji wake akajaza mwenyewe kilichobaki kwa sababu anawafahamu watu wale. Wa kwetu hana wa kumjazia. Mkulima wa viazi wa Makete asipoelezwa na mtafiti wa Makete, msomaji wa mbali atamvika sura ya mwanafunzi wa chuo wa Marekani, na hatajua kwamba amefanya hivyo.

Chukua uchovu. Swali la nne la PHQ-9 linauliza juu ya kuchoka au kukosa nguvu, la tatu linauliza juu ya usingizi. Mtu anayevuna viazi, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi lori kabla barabara haijachafuka kwa mvua, atajibu "karibu kila siku" kwenye yote mawili na atakuwa anasema kweli tupu. Tayari ana alama sita kabla hajafika kwenye maswali mengine ya moyo wake. Mpaka unaotumika sana kumhesabu mtu kuwa na dalili za sonona ya wastani ni alama kumi. Kwa hiyo mwezi ambao madodoso yalikusanywa ni sehemu ya matokeo. Nimesoma tasnifu nyingi ambazo mwezi huo hautajwi popote, isipokuwa kwenye jalada, na ule ni mwezi wa kukabidhi.

Halafu kuna Yamane. Mwanafunzi yeyote aliyepita kwenye darasa la mbinu za utafiti Tanzania anaijua kanuni yake ya 1967 ya kupata ukubwa wa sampuli: idadi ya watu unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloruhusu. Walimu 400, kosa la asilimia 5, unapata sampuli ya 200. Hesabu ni nyepesi na inapendeza ikiwekwa katikati ya ukurasa. Ila kanuni hiyo inachukulia kwamba kila mmoja wa wale 400 alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mwanafunzi anaandika kanuni, anapata 200, kisha anakwenda kwenye shule tatu zilizo karibu na kituo cha daladala na kuwapa dodoso waliokuwapo chumba cha walimu saa ya chai. Hilo linafanyika kila mahali duniani, na kwa nauli wanazojilipia vijana hawa mimi siwezi kuwahukumu. Ninachodai ni kwamba liandikwe kama lilivyofanyika: shule tatu, saa ya chai, waliokuwapo, wangapi walikataa. Kanuni ya Yamane iliyobandikwa juu ya sampuli ya namna hiyo inaahidi usahihi ambao haupo.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kwa nini ning'ang'anie sura moja hivi. Mwaka 2015 kundi la watafiti waliofanya kazi kwa ushirikiano, Brian Nosek akiwa mmoja wa waratibu wao, walirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa katika majarida yenye heshima. Katika tafiti za mwanzo, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yaliyovuka kipimo cha kitakwimu. Ziliporudiwa, zilizovuka zilikuwa asilimia 36. Sababu zake ni nyingi na bado zinajadiliwa, lakini fikiria kwanza kwamba kurudia kuliwezekana. Mtu aliweza kusoma mbinu, au kumwandikia mwandishi, akaenda akafanya vilevile. Tasnifu inayosema "madodoso yatagawiwa" hakuna wa kuirudia. Kijana wa Njombe akitaka kujua kama aliyoyakuta mwenzake wa Iringa yapo na kwao, ataanza upya kana kwamba hakuna aliyepita njia hiyo.

Kwenye matokeo nina jambo moja tu. Programu ya takwimu ya SPSS ikikuta uwezekano mdogo sana kwamba matokeo kama hayo yangetokea kwa bahati tu, uwezekano unaoandikwa kwa herufi p, inaonyesha .000 kwa sababu nafasi zake za desimali zimeisha. Wanafunzi wanalinakili hivyohivyo: p = .000. Maana yake ingekuwa kwamba uwezekano ule ni sifuri kabisa, jambo ambalo takwimu haiwezi kulisema. Mtindo unataka uandike p < .001, bila sifuri mbele ya nukta, kwa kuwa thamani hiyo haiwezi kuvuka moja. Hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo mtu anapojulikana kama ameelewa jedwali lake au amelihamisha tu.

Mjadala nao una ugonjwa wake. Fungua aya ya mapungufu ya utafiti katika tasnifu yoyote iliyo kwenye rafu za maktaba zetu, na uwezekano mkubwa utakuta muda haukutosha na fedha hazikutosha. Aya hiyo inarithiwa kama jembe la babu. Mapungufu halisi ya kazi ya mwanafunzi wangu yalikuwa yale mawazo yasiyoisha yaliyogeuzwa kuwa "siku kadhaa", na yalistahili ukurasa mzima, kwa sababu ndani yake kulikuwa na swali ambalo hata maprofesa wangependa kulisoma: je, Kiswahili cha shukrani kinazificha dalili kiasi gani? Alikuwa na dhahabu mkononi, akaandika kuhusu nauli.

Marejeleo ndiyo tunayoyapigania zaidi, na kusema kweli yanahitaji uangalifu, hasa huku kwetu. Orodha ya tasnifu ya Mbeya ikianza kujaa majina ya "Mwa" hugeuka msitu: Mwaipopo anatangulia Mwakalinga, Mwakalinga anatangulia Mwakyusa, naye Mwambene anafuata, herufi kwa herufi. Mwandishi anayetumia jina lake na la baba bila jina la ukoo huwekwa kwa jina gani? Njia ya heshima ni kufuata alivyojiandika mwenyewe kwenye kazi yake, na kubaki na jina hilohilo kote. Toleo la saba limeondoa mji wa mchapishaji, na kazi ya waandishi watatu au zaidi inatajwa kwa jina la wa kwanza na wenzake tangu mara ya kwanza. Haya yajulikane na yafuatwe. Pale chuo kinapokuwa na mwongozo wake, kwa mfano pambizo pana ya kushoto kwa ajili ya kubaindi, mwongozo wa chuo ndio unaoshika, na APA wenyewe wanasema hivyo. Msomaji anayefuatilia chanzo na kukikuta anajifunza kuwa mwandishi anaaminika. Lakini kosa la nukta kwenye rejeleo linatibika kwa dakika moja. Siku iliyopita sokoni bila kuandikwa hairudi.

Najua kwa nini wasimamizi tunakimbilia pambizo. Pambizo inaonekana kwa jicho. Msimamizi mwenye rundo la tasnifu mezani, vipindi vya kufundisha na vikao vya idara, atasahihisha kile kinachoonekana upesi, na mwanafunzi atapokea karatasi nyekundu na kuamini kwamba kazi yake imesomwa. Wote wawili wanaondoka na amani isiyo na msingi. Nilikuwa mmoja wao.

Siku hizi naanza kwingine. Kabla mwanafunzi hajaandika mbinu namwomba aketi anisimulie, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao kama naielewa, siku moja ya kukusanya taarifa tangu alipotoka nyumbani. Alikwenda na nini, alimwomba nani ruhusa, mwenyekiti wa mtaa alisema nini, nani alikataa, swali gani liliwachekesha watu, lipi liliwanyamazisha. Naandika pembeni. Tukimaliza nampa karatasi zile namwambia, "Hii ndiyo mbinu yako, sasa ipange." Wengi hushangaa kuona wana kurasa nne ambazo hawakujua kuwa wanazo. Kupanga ndiko kunakofuata, na hapo vichwa vidogo vya APA vinapata kazi: washiriki, vifaa, utaratibu. Tunaangalia pia kipi kisiandikwe. Kata yenye sekondari moja, ukisema "mkuu wa shule wa kike mwenye umri wa miaka 50" umeshamtaja jina, hata kama umempa namba.

Mwaka huu mwanafunzi wa uzamili kutoka Rungwe aliandika hivi katika mbinu yake, nami sikugusa neno: maswali yaliulizwa kwa mdomo kwa Kiswahili, washiriki kumi na mmoja waliomba kuelezwa kwa Kinyakyusa, mtafiti alitafsiri mwenyewe papo hapo, swali la sita la PHQ-9, linalohusu kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, lilihitaji kurudiwa kwa kila mmoja wa hao kumi na mmoja.

Siku ya utetezi wake jopo lilipitia slaidi za mwanzo haraka, kisha mwenyekiti akamrudisha kwenye aya ile. Mjumbe mmoja, Mnyakyusa mwenzake, akamwomba alitamke swali la sita vilevile alivyolitamka kijijini. Binti akanyoosha mgongo, akalitamka polepole. Mjumbe yule akatikisa kichwa: hilo, akasema, linauliza aibu. Aliyekuwa kando yake, naye wa hukohuko, akasema hapana, linauliza kushindwa. Wakaanza kubishana, na binti akafungua daftari lake akaanza kuandika.